Vitabu vya Septemba, kabla ya mvua za Deyr

Kila mwezi wa Septemba unapowadia, wachapishaji wa Ulaya na Marekani hufungua milango ya maghala yao. Huo ndio msimu wao mkuu wa vitabu vipya. Majani ya miti huanza kupukutika, baridi huwarudisha watu nyumbani, na vitabu humiminwa sokoni kwa mamia. Waingereza huingoja orodha fupi ya Tuzo ya Booker, na Oktoba ikiingia dunia nzima hutega sikio upande wa Stockholm kusikia ni nani aliyetunukiwa Nobeli. Magazeti yetu nayo hayataki kuachwa nyuma. Huzinakili orodha hizo na kutuandalia mezani, kana kwamba majani ya Garissa pia yanapukutika.

Garissa haipukutishi kitu mwezi huu. Mti unaostawi kushinda yote pale ni mathenge, na huo, kama wafugaji wanavyojua kwa uchungu, haupotezi jani wala mwiba. Septemba kwa Msomali ni mwisho wa Xagaa, msimu wa pepo kavu unaozifuata mvua za Gu. (Mwalimu mgeni asitishwe na herufi hiyo ya kwanza. Katika tahajia ya Kisomali, iliyotangazwa rasmi mwaka 1972, x husomwa kama ile ha nzito ya Kiarabu, na c husimama mahali pa herufi ayn. Ndiyo maana macallin si mtu mwingine ila mwalimu.) Baada ya Xagaa huja Deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba, kisha Jilaal, kiangazi kirefu kinachopima uhai wa watu na mifugo. Wafasiri wetu wamezoea kuuita msimu wa majani kupukutika “vuli”, neno ambalo mzee wa Lamu hulitumia kwa mvua fupi za mwisho wa mwaka. Kwa hiyo vuli ya Mswahili na Deyr ya Msomali ni mvua moja, na Mzungu hayumo.

Nimeianza habari hii na mvua kwa sababu maalumu. Mnamo Novemba 2023 mto Tana ulifurika, barabara kuu itokayo Nairobi ikakatika karibu na Madogo, na mji wa Garissa ukatengwa na sehemu kubwa ya nchi. Waliokuwa na haja kubwa walivuka kwa mashua. Katika mahitaji yaliyovukishwa kwa taabu namna hiyo, unga ulitangulia, dawa zikafuata, na sidhani kwamba kuna aliyeuliza habari ya riwaya. Kitabu ambacho hakijavuka daraja la Tana kufikia mwanzo wa Oktoba kinaweza kungojwa mpaka Januari, maana muhula wa tatu nao huwa umekwisha na watoto wamerudi maboma kwao. Orodha ninayoitoa hapa ichukuliwe basi kama hati ya kuagizia. Walimu wa Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu ambazo sensa ya 2019 ilizihesabia watu wapatao milioni mbili na nusu, wana majuma machache tu ya kuifanyia kazi.

Kabla ya kutaja kitabu hata kimoja, sharti niseme kitabu hufikaje huko na hupokewa na nani. Orodha isiyojali mambo hayo ni ya kujionyesha.

Wasomaji wa rika langu wataikumbuka maktaba ya ngamia. Shirika la Maktaba za Kitaifa liliianzisha mjini Garissa mnamo Oktoba 1996 kwa ngamia watatu, na baadaye Wajir nayo ikapata misafara yake. Magari yalikuwa yakizama mchangani, mafuta yalikuwa ghali, na wasomaji wenyewe walihama kwa kufuata maji na malisho. Ngamia mmoja alibeba masanduku mawili ya vitabu, kila sanduku likiwa na vitabu wapata 200. Mwingine alibeba hema na mikeka. Msafara ulipofika, hema lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa kivulini, na watoto wakaazima vitabu vya kukaa navyo hadi zamu iliyofuata. Wataalamu wa maktaba kutoka mabara mengine walifunga safari kuja kuutazama mpango huu. Mwaka 2007 mwandishi Mmarekani, Masha Hamilton, aliutungia riwaya kwa Kiingereza, The Camel Bookmobile, ambayo ndani yake vurugu nzima huzuka kwa sababu ya kijana asiyerudisha vitabu alivyoazima. Sikitiko langu ni kwamba riwaya hiyo ni rahisi kuipata Chicago kuliko Dagahaley.

Jambo lililonivutia katika mpango ule halikuwa ngamia. Wageni walimpiga picha ngamia. Mimi nilimtazama mkutubi. Alimkabidhi kitabu mtoto anayelala katika kibanda cha vijiti na mikeka, mtoto asiye na rafu wala kabati, akamwamini. Linganisha na niliyoyaona katika shule moja ya eneo hilohilo, ambayo nitaisitiri. Nilionyeshwa kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya hadithi, chungu nzima, vingali katika nailoni vilimotoka kiwandani. Mkuu wa shule alinieleza kwa utulivu kwamba vitabu vikitolewa vitachanika, na mkaguzi akija atauliza kuhusu vilivyochanika, ilhali hajapata kuuliza kuhusu visivyosomwa. Mantiki yake haikuwa na kasoro, na hapo ndipo penye msiba.

Na kuna jambo zito zaidi. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi lilishambuliwa, abiria 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na miongoni mwa wanafunzi hao walikuwamo waliokuwa wakisomea ualimu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha kwa wingi walimu wasio wenyeji. Simlaumu aliyeondoka, nani angethubutu? Lakini mwalimu wa Kiswahili, aghalabu, alikuwa ndiye huyo asiye mwenyeji. Alipopanda basi aliondoka na sauti iliyokuwa ikisoma kitabu mbele ya darasa. Kwingi mahali pake pameshikwa na kijana aliyeajiriwa na bodi ya shule, amemaliza kidato cha nne juzi, ana chaki mkononi na moyo wa kujitolea. Kijana huyo ndiye ninayemwandikia leo kuliko wote. Hahitaji kitabu kinachomtaka awe na shahada ili akifungue. Anahitaji kitabu kinachoweza kusomwa kwa sauti, nakala moja, watoto 40.

Kusoma kwa sauti si hatua ya kurudi nyuma. Wageni hawachoki kurudia kwamba Wasomali ni taifa la washairi, maneno yanayopigiwa mbiu tangu Richard Burton alipoyaandika katika kitabu chake cha 1856. Yamesemwa mno hata yakapoteza ladha. Ila kuna ukweli wa kiisimu chini yake ambao mwalimu anaweza kuutumia. Ushairi wa Kisomali hufungwa kwa sauti ya mwanzo wa maneno: gabay ikianza na sauti ya g, basi kila mshororo hauna budi kuwa na neno lianzalo na g, tangu mwanzo mpaka mwisho. Huo ndio mfumo wa xarafraac. Ushairi wetu wa Kiswahili hufungwa mwishoni, kwa vina, na hupimwa kwa mizani. Mtoto aliyekua akisikiliza gabay kisimani ana sikio lililonolewa tayari; kazi iliyobaki ni kuligeuza kutoka mwanzo wa neno hadi mwisho wake. Nimeshuhudia wanafunzi wakilifahamu suala la vina kwa dakika kumi kwa njia hii, baada ya kulikariri kwa miaka miwili bila mafanikio.

Kwa ajili hiyo kitabu changu cha kwanza cha mwezi ni diwani, nayo ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mashairi yake aliyatunga kifungoni kati ya 1969 na 1972, baada ya kuhukumiwa kwa kuandika waraka ulioihoji serikali, Kenya: Twendapi? Diwani ilichapishwa 1973 na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Nusu karne imepita na sijaona sababu ya kuiondoa kileleni. Mwalimu aanze na shairi la “Mnazi: Vuta n’kuvute”, ambamo Alii na Badi wanagombea mti. Awasimamishe wanafunzi wawili, mmoja huku, mwingine kule, wajibizane. Hakuna haja ya kuwaambia mapema kwamba mnazi huenda ni nchi. Watoto waliozaliwa mahali ambapo kisima kimoja huweza kuzigombanisha koo mbili watafika huko wenyewe, na watafika mapema kuliko wenzao wa Nairobi.

Lahaja itawatatiza kidogo. Ni Kimvita, na humo “nti” ni nchi, “mato” ni macho, “ndoo” ni njoo. Ni vyema mwalimu atumie robo saa kuandika maneno kama hayo ubaoni. Mwanafunzi akiuliza kwa nini Waswahili hawasemi namna moja, mwalimu amuulize kama Kisomali cha Mandera na Kimaay vinasemwa namna moja.

Kitabu cha pili nakitaja kwa furaha ya pekee. Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, tulifedheheka kidogo sisi wa Kiswahili, kwa kuwa mwana wa Unguja alikuwa hasomeki katika lugha yake ya kwanza. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise iliyochapishwa 1994. Ni kisa cha Yusuf, mvulana wa miaka 12, ambaye baba yake anamweka rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Yusuf anafuata msafara wa biashara hadi bara, anakua, anakuwa kijana mzuri wa sura, na mke wa tajiri anamtupia jicho. Mbali, Wajerumani wanakaribia.

Msomaji ameshatambua ninakoelekea. Jina Yusuf, uzuri wa sura, nyumba ya mtu mkubwa, mke mwenye matamanio: mwanafunzi yeyote aliyepitia duksi anaijua Sura ya Yusuf kwa moyo. Gurnah ameijenga riwaya yake juu ya kisa hicho na kukipinda kwa makusudi. Hapa basi ni mahali adimu ambapo mwanafunzi wa Garissa au Habaswein anaingia darasani na ufunguo mkononi, na huenda mwalimu wake wa fasihi akawa hana. Mwulize kinachofanana. Kisha mwulize kinachotofautiana, hasa mwishoni, nami sitasema mwisho wake. Katika semina zangu nimewaona wanafunzi kutoka kaskazini, ambao kwa kawaida hukaa kiti cha nyuma na kunyamaza wakati wa fasihi, wakiiongoza saa nzima ya mjadala.

Maneno ya biashara ya misafara, yale ambayo Kiingereza huyatafutia visawe kwa jasho, Kiswahili kinayo tangu zamani: rehani, tajiri, mpagazi, mzigo, msafara. Unapoisoma Peponi unahisi riwaya imerudi kwao. Ninaishauri kuanzia kidato cha tatu kwenda juu, maana ina mambo ya watu wazima. Kwa walimu na wanafunzi wa vyuo wanaosoma Kiingereza, Gurnah alitoa riwaya mpya mwaka 2025, Theft, ya kwanza tangu tuzo ile. Mmoja wa vijana watatu walio katikati yake, Badar, ni mtumishi wa nyumbani anayetuhumiwa wizi. Wale watakaoisoma baada ya Peponi wataona kwamba mtunzi hajamaliza habari ya mtoto anayekabidhiwa nyumba ya watu.

Nilipokuwa nikiyasema haya mbele ya darasa fulani la kidato cha tatu mjini Garissa, msichana mmoja aliinua mkono. “Mwalimu,” akaniuliza kwa adabu, “kitabu hicho kitakuja katika mtihani?” Nilimjibu la. Akaandika jina lake hata hivyo, lakini nilimwona akiliandika ukurasa wa mwisho wa daftari, mahali panapoandikwa mambo yasiyo na haja. Mtihani wa mwaka una vitabu vyake: Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na mkusanyiko wa Mapambazuko ya Machweo, vilivyoanza kutahiniwa 2023. Visomwe, tena vizuri. Hoja yangu ni nyembamba zaidi. Mwanafunzi ambaye vitabu vyake vyote ni vya kutahiniwa hujifunza kwamba kitabu ni swali linalongoja jibu, na siku anapotoka katika chumba cha mtihani hana sababu ya kufungua kingine. Mtaala mpya wa umilisi umelijua hilo, ndiyo sababu umeweka “kusoma kwa mapana” katika Kiswahili. Umeliweka katika karatasi. Rafu haukuja nayo.

Kwa darasa la msichana yule, na kwa wadogo zake wa sekondari ya chini, nakipendekeza kitabu cha tatu: Siku Njema ya Ken Walibora. Kilitoka 1996, mwaka uleule wa maktaba ya ngamia. Walibora alitutoka Aprili 2020, na tangu hapo kurasa za Kiswahili za magazeti yetu zina pengo. Kongowea Mswahili, mzaliwa wa Tanga, anafunga safari ya kumtafuta babaye nchini Kenya. Watoto wa mpakani, wenye shangazi Kismayu na ami Eastleigh, hawatahitaji kufafanuliwa maana ya ukoo uliotawanyika pande mbili za mstari wa ramani. Sina mengi ya kuongeza. Kinajisoma chenyewe.

Kisha kuna Nuruddin Farah. Haifai orodha ya kaskazini-mashariki impite bila salamu. Naanza na riwaya yake ya kwanza, From a Crooked Rib, ya 1970: Ebla, msichana wa wafugaji, anatoroka kambi yao usiku ili asiozwe mzee, anafika mjini, na huko anagundua kwamba mji nao una njia zake za kumuuza mwanamke. Aliandika kwa Kiingereza. Wakati huo serikali ya Somalia ilikuwa haijaamua Kisomali kiandikwe kwa hati gani. Kitabu ni chembamba na Kiingereza chake ni chepesi. Wako watakaokasirika, nao wakasirike. Darasa ambalo wasichana wanapotea mmoja mmoja kati ya kidato cha kwanza na cha nne lina haki ya kukizungumzia kitabu hiki waziwazi, na mwalimu mwenyeji atajua namna ya kukianza bila kuvunja heshima ya wazazi.

Kitabu cha tano si cha wanafunzi kwanza. Ni cha walimu, hususan wale wageni wanaopelekwa Wajir bila kuambiwa chochote kuhusu Wajir. Mwaka 2007 S. Abdi Sheikh alichapisha Blood on the Runway, masimulizi ya mauaji ya Wagalla. Mnamo Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaweka juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Manusura wanahesabu kwa maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika katika ripoti yake ya 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani. Juma moja baadaye Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, na radhi ile ikasahaulika kabla haijasikika vizuri.

Kwa nini nakiweka katika orodha ya kusoma, na si katika maktaba ya wanasheria? Kwa sababu mwalimu anayeingia darasani Wajir anazungumza na wajukuu wa uwanja ule. Akiwaambia waandike insha juu ya “Nchi yangu” na wakaandika mistari mitatu, atawaona wavivu. Mpaka leo utamsikia mtu wa huko, akipanda basi la Nairobi, akisema anakwenda “Kenya”. Mgeni hucheka. Aliyesoma kitabu hiki hatacheka, na huenda akabadilisha mada ya insha.

Msemo huo una mwenzake wa kiisimu, nao ndio unaonikera zaidi: kwamba Kiswahili ni lugha ya hao wa “Kenya”, lugha ya askari wa kizuizini na karani wa ofisi, isiyo na mizizi kaskazini. Historia haisemi hivyo. Wanafunzi wa vyuo wanaosomea isimu watafute The Swahili cha Derek Nurse na Thomas Spear, cha 1985. Wataona humo kwamba Kiswahili ni mmoja wa ndugu wa kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, lugha za Komoro, Kipokomo, na lugha ya Wamalakote. Na Wamalakote wanakaa wapi? Kandokando ya mto uleule wa Tana, si mbali na Garissa. Lugha yao imepokea mengi kutoka kwa Waoromo kwa karne nyingi za ujirani, jambo ambalo Nurse alilirudia kwa kina mwaka 2000 katika kitabu kingine. Kwa maneno mengine, wakati karani wa Nairobi alipowasili na Kiswahili chake cha ofisini, ndugu wa damu wa lugha hiyo alikuwa ameketi ukingoni mwa mto akivua samaki.

Na si hao tu. Mwambie mtoto wa Kisomali aandike maneno ya darasani kwa lugha ya mama: kitaab, qalin, warqad, macallin, su’aal, jawaab, xisaab, maktabad. Kisha yaandike yetu pembeni: kitabu, kalamu, waraka, mwalimu, swali, jawabu, hesabu, maktaba. Lugha hizi mbili hazina nasaba moja, ila zilikopa kutoka duka moja la Kiarabu na bidhaa bado zinafanana. Somo la kwanza la Kiswahili katika darasa la Kisomali lingeweza kuanzia hapo, na mtoto angekwenda nyumbani siku ya kwanza akiwa na maneno manane ambayo alikuwa nayo tayari.

Kuna kitabu kimoja ambacho ningependa kukipendekeza na siwezi. Ni riwaya ya Kiswahili inayoanzia kisimani Wajir au sokoni Garissa, iliyoandikwa na mtu aliyeteka maji ya kisima hicho. Kambi za Dadaab, zilizofunguliwa 1991, zimeandikwa na Mwingereza Ben Rawlence katika City of Thorns ya 2016, na ameziandika kwa uangalifu. Maktaba ya ngamia imeandikwa na Mmarekani. Kisomali kina watunzi wake na Kiingereza kina Farah. Kiswahili kinangoja. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya riwaya na mashairi kutoka popote, na washindi wake wengi wametoka Tanzania. Sioni sheria inayomkataza mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake ya kujitegemea 2017, kuupeleka mswada wake huko. Lugha mbili za kwanza kichwani mwake zitaupa Kiswahili chake mdundo ambao sisi wa pwani na bara hatuna.

Nimalizie na mambo ya mkono. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yanayoandaliwa na Chama cha Wachapishaji, kwa kawaida hufanyika Septemba. Wachapishaji wetu huwa na vitabu vyao vipya pale, na siku ya mwisho hawapendi kurudi na mizigo, kwa hiyo bei husikilizana. Shule tatu au nne zikichanga nauli ya mwalimu mmoja, atarudi na katoni. Peponi iulizwe mapema kwa muuzaji wa Nairobi anayeagiza kutoka Dar es Salaam. Sauti ya Dhiki wakati mwingine hupatikana kwa wauza vitabu vikuukuu kuliko madukani. Katoni ikifika, naomba isipite karibu na kabati la chuma. Nakala moja ipewe mwanafunzi mmoja, kwa juma moja, na jina lake liandikwe katika daftari la mistari, basi.

Mwezi ujao nitashughulikia kamusi. Mwalimu yeyote wa Garissa, Wajir au Mandera aliyekwisha kuisoma Peponi na darasa lake na aniandikie kupitia kwa mhariri, anieleze wanafunzi walisema nini juu ya mwisho wake.